Chupa mbili za 2009: kwa nini mvinyo mmoja hukomaa na mwingine hufa

Kaka yangu alipokuwa anarudi Ubelgiji mwaka 2012, wiki moja baada ya harusi yangu, aliniachia chupa moja ya mvinyo mwekundu na kuondoka na ya pili. Zilikuwa pacha, zimetoka kasha moja: mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini, wa mavuno ya 2009, mseto wa zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc. Tulikubaliana tusiziguse mpaka ndoa itimize miaka kumi. Yangu ilikaa Sinza, Dar es Salaam, juu ya kabati la vyombo, imesimama wima kama mlinzi wa getini. Yake aliilaza kwenye stoo ya chini ya ardhi ya jengo analoishi Brussels, katikati ya baiskeli na matairi ya gari.

Mwaka 2022 ulipofika, ya kwangu ilijisema yenyewe kabla sijaionja. Kizibo kilikuwa kimechomoza kidogo, na shingoni mwa chupa palikuwa na michirizi mikavu ya damu ya mzee. Kilichomiminika kwenye glasi kilikuwa cha kahawia, kama chai ya rangi iliyolala kwenye thamosi. Harufu ya zabibu kavu, sukari iliyoungua, na kwa mbali siki. Mke wangu alinusa mara moja akairudisha glasi mezani.

"Hii ulikuwa unaihifadhi au unaichemsha?"

Alikuwa anatania, lakini ndilo jibu. Nitalirudia.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Kwa chupa chache sana hilo ni kweli. Sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu ulioko madukani, uwe wa Afrika Kusini, wa Chile au wa Dodoma, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili mitatu, na baada ya hapo unashuka tu. Kwa hiyo swali la maana si umri. Swali ni kilichomo ndani ya chupa siku inapozibwa, na mahali chupa inapolala baada ya hapo. Mseto mwekundu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu anayeuchanganya analazimika kuamua mapema anatengeneza mvinyo wa kesho au wa miaka ishirini.

Wenye mseto wao

Mseto wa Cabernet na Merlot asili yake ni Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Pale mito miwili, Garonne na Dordogne, inakutana na kufanya mlango mmoja mpana unaoitwa Gironde, unaomwaga maji Bahari ya Atlantiki. Ukiwa umeipa mgongo nchi kavu na kutazama baharini, kushoto kwako kuna Médoc, ardhi ya changarawe inayopitisha maji upesi na kutunza joto la mchana. Kulia kuna Saint-Émilion na Pomerol, kwenye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, udongo wa baridi unaoshika maji. Cabernet Sauvignon huchelewa kuiva na hutaka joto, hivyo ikatawala changarawe. Merlot huiva mapema na haina shida na mfinyanzi wa baridi, hivyo ikatawala kulia.

Wageni hudhani Wafaransa walianza kuchanganya kwa sababu ya ustadi wa ulimi. Mimi naona walianza kwa woga. Hali ya hewa ya Atlantiki haina msimamo. Merlot huchipua mapema, kwa hiyo jalidi ya Aprili ikipiga, yenyewe ndiyo inayoumia kwanza. Cabernet huchelewa kuchipua ikapona, lakini mvua za Oktoba zikiwahi zinaikuta bado iko mtini. Mwenye zote mbili hawezi kukosa yote. Ni akili ileile ya mkulima wa Dodoma anayepanda mahindi na mtama: mvua zikikatika, mtama humstiri. Na hasara za Bordeaux si za kubuni. Baridi ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi kiasi kwamba aina ya Malbec, iliyokuwa na nafasi yake pale, haikurudi tena kwa wingi. Leo ukiitaka unakwenda Argentina. Jalidi ya Aprili 2017 nayo ilifuta mavuno ya mashamba mengi kwa usiku chache.

Woga huo ukazaa ladha. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo, ganda nene na mbegu nyingi ukilinganisha na nyama yake, na rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na mbegu. Mvinyo wa Cabernet tupu ukiwa mchanga huanza kwa nguvu ulimini na kumalizika kwa nguvu, lakini katikati unahisi pengo, kama ngoma yenye kingo imara na ngozi iliyolegea. Merlot, yenye punje kubwa na ganda jembamba, huja na unono, sukari zaidi, kwa hiyo kilevi zaidi, na uchachu mdogo. Inajaza pengo lile. Cabernet Franc huleta harufu: majani mabichi, ncha ya penseli, na pilipili hoho kama haikuiva vizuri. Petit Verdot huwekwa kidogo sana, asilimia mbili, tatu, labda tano, kwa ajili ya rangi nzito na ukakasi, tena kwa miaka ambayo imekubali kuiva.

Wote hawa ni ukoo mmoja. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani zabibu nyekundu maarufu kuliko zote ina mzazi mweupe. Merlot nayo ni mtoto wa Cabernet Franc. Kwa hiyo katika mseto wa chupa yetu, mzazi na watoto wake wawili walikuwa glasi moja.

Kuchanganya kwenyewe hufanyika majira ya baridi, miezi michache baada ya mavuno. Kila kipande cha shamba kimechachushwa peke yake, kwa hiyo mezani kunakuwa na sampuli kumi, ishirini, hata zaidi, pamoja na silinda ya kupimia kama ya maabara ya shule. Watu wanaonja, wanatema, wanaandika, wanapunguza huyu na kuongeza yule. Hakuna kipimo cha kudumu; mwaka mmoja Merlot inapewa nusu, mwaka unaofuata robo. Kisichofaa kwa chupa kubwa hupelekwa kwenye mvinyo wa pili wa nyumba hiyohiyo. Château Latour wana Les Forts de Latour, Château Margaux wana Pavillon Rouge. Aliyenunua mvinyo wa pili hajapunjwa: mara nyingi amenunua ule unaonyweka mapema.

Na hata chupa yenye jina moja la zabibu kwenye lebo huenda ni mseto wa kimyakimya. Ulaya inatosha asilimia 85 iwe ya zabibu iliyotajwa, Marekani 75.

Ukakasi

Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zinalitafuta. Ukitafuna bibo, au ndizi ambayo haijaiva, mdomo unakauka, ulimi unakuwa kama umefutwa na jamvi. Huo ndio ukakasi, na si ladha kama chumvi au sukari, ni mguso. Unasababishwa na tanini, kemikali ambazo mmea huzitumia kujilinda asiliwe kabla ya wakati. Tanini hunasa protini. Mate yako yana protini zinazoulainisha mdomo, tanini zinaposhikana nazo ulaini unaondoka.

Jaribu kwa chai. Chai ya rangi iliyokaa sana na majani ina ukakasi. Tia maziwa, unapungua papo hapo, kwa sababu protini ya maziwa imezinasa tanini kabla hazijafika kwenye mate. Ndiyo maana pia mvinyo mkali unatulia ukinywewa na nyama ya kuchoma. Na ndiyo maana nyumba za Bordeaux kwa muda mrefu zimetia ute wa mayai matano au sita kwenye kila pipa la lita 225: ute unashikana na tanini kali, unazama nazo chini, mvinyo unabaki laini. Viini vilivyobaki, wenyewe husimulia, ndivyo vilivyozaa canelé, kitafunwa chao cha kahawia kilichoungua kingo. Sina namna ya kuapa juu ya hadithi hiyo, ila kitafunwa ni kitamu.

Tanini hizi ndizo bima ya mvinyo unaokusudiwa kukaa. Hewa ya oksijeni ndiyo adui, ndiyo inayogeuza mvinyo kuwa kahawia na kuupoteza. Tanini huipokea oksijeni kwanza, zikijitoa mhanga. Kizibo cha gome la mti hupitisha kiasi kidogo mno, kinachopimwa kwa miligramu kwa mwaka, na kiasi hicho tanini zinaweza kukimudu kwa miaka mingi. Wakati huohuo zinashikana na kemikali za rangi kutoka kwenye maganda. Mvinyo mchanga una zambarau kingoni; ukikomaa unaelekea rangi ya tofali. Vile vitu vikubwa vinavyotokana na mshikamano huo vingine huzama, na hayo ndiyo mashapo unayoyaona chini ya chupa ya zamani. Vitabu vya zamani vilieleza kwamba minyororo ya tanini huzidi kurefuka mpaka izame na hapo ukakasi hupungua. Wanakemia wa sasa wanasema mambo si mepesi hivyo, kwa sababu kwenye uchachu wa mvinyo minyororo hiyo hukatika pia na kuungana upya. Kwa mnywaji matokeo ni yaleyale: ukali wa bibo unageuka kuwa kitu kama mahameli.

Lakini tanini peke yake ni kuta bila nyumba. Mwaka 1975 Bordeaux ilitoa mvinyo wenye ukakasi mkubwa, na wengi walishauriwa wausubiri. Wakasubiri. Katika chupa nyingi tunda lilikufa kabla ukakasi haujalainika, na waliovumilia wakaishia na kitu kikavu kama ganda la mti. Kinachotakiwa ni tunda la kutosha nyuma ya ukakasi, na uchachu wa kuushikilia. Uchachu haupungui sana chupani. Tunda ndilo linalofifia, na mvinyo wenye uchachu hafifu ukifikwa na hilo unakuwa kama soda iliyotoka gesi. Zaidi ya hapo, mvinyo wenye uchachu mzuri haushambuliwi kirahisi na bakteria, na salfa kidogo inayotiwa kuuhifadhi hufanya kazi vizuri zaidi ndani yake.

Pipa nalo lina mchango wake, ingawa matangazo huukuza. Mwaloni mpya uliobabuliwa ndani kwa moto hutoa vanila, moshi na karafuu. Hiyo karafuu ni ya kweli: mwaloni una eujeno, kemikali ileile inayoyapa mafuta ya karafuu ya Pemba harufu yake. Ila pipa haliupi mvinyo dhaifu maisha marefu. Linauvalisha tu.

Wanaonuna na waliovunja kanuni

Mseto mzuri wa Bordeaux una tabia moja inayowachanganya wanunuzi. Ukiwa mchanga sana unanukia matunda meusi waziwazi, unavutia. Miaka michache baada ya kuwekwa chupani unafunga mlango: hakuna harufu, ukakasi umetangulia mbele, tunda halionekani. Mimi husema umenuna. Si mbovu. Ukiuacha, huja kuzungumza tena, na safari hii kwa sauti nyingine: tumbaku, boksi la mbao la sigara, ngozi, uyoga, udongo uliopata mvua ya kwanza. Waliofungua chupa ghali wakati imenuna ni wengi, na wengi wao wamemlaumu muuzaji bure.

Kisha kuna wanaovunja kanuni. Pétrus ya Pomerol ni Merlot karibu tupu, ile zabibu "laini", na inaishi miongo, kwa sababu mfinyanzi wa kilima kile huipa Merlot nguvu isiyo ya kawaida. Cheval Blanc ya 1947, ya Saint-Émilion, ilitengenezwa kwenye joto kali lililosimamisha uchachushaji kabla haujamaliza kazi. Ikabaki na sukari, kilevi kingi, na asidi ya siki nyingi kuliko mtahini yeyote wa leo angeruhusu. Kwa kitabu ni mvinyo mbovu. Kwa walioinywa miongo baadaye ni miongoni mwa mvinyo mashuhuri zaidi wa karne iliyopita.

Na mseto wenyewe si sharti la kuishi muda mrefu. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaandalia waonjaji Wafaransa mjini Paris shindano la kuonja bila kuona lebo, California dhidi ya Ufaransa. Kwa nyekundu, Stag's Leap ya California, ya 1973, iliipiku Mouton Rothschild ya Bordeaux, ya 1970. Jibu la Wafaransa lilikuwa la busara: sawa, yenu inanyweka leo, lakini ya kwetu imetengenezwa ikae, tuonane baadaye. Wakaonana. Miaka thelathini kamili baadaye, 24 Mei 2006, mvinyo uleule wa mavuno yaleyale ulionjwa tena London na Napa kwa pamoja. Ikaongoza Ridge Monte Bello ya 1971, iliyokuwa ya tano mwaka 1976, na nafasi zote tano za juu zikachukuliwa na California, ambako nyingi zilikuwa Cabernet tupu au karibu tupu. Kilichozibeba ni ule uwiano wa tunda, uchachu na ukakasi. Mseto ni njia moja ya kuufikia, hasa pale ambapo hali ya hewa haikupi vyote kwa zabibu moja.

Sasa hata Bordeaux hali inabadilika. Joto limeongezeka, Merlot inawahi kuiva na kupandisha kilevi. Mwaka 2021 mamlaka za Ufaransa ziliruhusu aina mpya za zabibu kwa ajili ya joto, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno, kwa masharti: zisizidi asilimia 10 ya mseto.

Joto la kwetu

Ghala zuri la mvinyo lina nyuzi 12 hadi 14, giza, unyevu, na utulivu. Sinza ina nyuzi 30 na zaidi mchana wa Februari, na juu ya kabati, chini ya bati, ni zaidi ya hapo. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko huongezeka karibu maradufu. Lakini chupa ya Dar es Salaam haizeeki tu haraka. Inazeeka vibaya, kwa sababu joto huamsha mabadiliko ambayo kwenye baridi yangelala. Ndiyo ile sukari iliyoungua niliyoinusa. Mvinyo ukipata joto hutanuka, unasukuma kizibo. Usiku ukipoa unasinyaa na kuvuta hewa. Kusimamisha chupa kumeongeza ubaya: kizibo kisicholowa hukauka na kunywea.

Kwa mkazi wa pwani asiye na chumba cha baridi, ushauri wangu ni mfupi: nunua, kunywa. Kama lazima uweke miezi michache, ndani ya friji, rafu ya chini, imelala, ni bora kuliko kabati lolote. Usinunue chupa iliyosimama dirishani pa duka jua likiipiga, hata ikiwa imepunguzwa bei nusu. Dodoma, kwenye nyanda za juu na usiku wa baridi kidogo, wana nafuu, ingawa mizabibu yao, Makutupora nyekundu ikiwemo, haipati usingizi wa majira ya baridi na huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo linaloufanya "mwaka wa mavuno" uwe na maana nyingine kabisa na ule wa Ufaransa.

Ukitaka kujua kama mseto ulionao una pumzi, usitazame bei. Nunua chupa mbili. Fungua moja, onja glasi ndogo: tafuta ukakasi, uchachu na tunda, vyote vitatu kwa pamoja, hakuna anayemfunika mwenzake. Kisha rudisha kizibo, iache hadi kesho. Ikiwa siku ya pili imefunguka, imekuwa nzuri kuliko jana, ile chupa ya pili ina miaka mbele yake. Ikiwa imechoka, ya pili inywe mwezi huu.

Kaka yangu hakuifungua ya kwake 2022. Alinisubiri mpaka nilipokwenda, Novemba 2023. Alikuwa ameisimamisha tangu juzi yake ili mashapo yashuke, akaimimina polepole kwenye jagi la kioo, simu yake ikimulika shingo ya chupa kwa tochi, na akasimama mara tu uzi mweusi ulipofika kwenye bega. Kwenye glasi ulikuwa mwekundu bado, kingo zikianza kuwa tofali. Mwanzoni ulikuwa kimya. Baada ya nusu saa ikaja tumbaku, halafu kitu kama kabati la mninga likifunguliwa, na nyuma kabisa tunda jeusi, dogo lakini hai. Ukakasi ulikuwepo, umenyolewa. Tuliumaliza na mbavu za kondoo, na yale mashapo kidogo yaliyobaki chini ya chupa shemeji akayamimina kwenye sufuria ya mchuzi.